Kifuniko cha Tangi

Fumbeni macho kidogo, wapendwa, tusafiri. Nyinyi wa mabenchi ya nyuma nanyi fumbeni, ila msikorome.

Ni Alhamisi asubuhi. Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na barabara inapita katikati yake kimyakimya. Gari dogo la kijivu linakwenda humo kama mtu anayetembea usingizini. Anaendesha mwanaume mmoja wa makamo, na kiti cha nyuma amekaa mama yake mzazi. Mapajani mama ana doti ya kanga, mpya, bado haijakatwa.

Anampelekea mdogo wake, aliyelazwa hospitali ya mkoa. Ndugu hawa wawili hawajasemeshana miaka kumi na moja, kwa maneno ya msibani ambayo hata wenyewe hawayakumbuki vizuri. Juzi mgonjwa akapiga simu: "Dada, Alhamisi saa nane wananiingiza chumba cha upasuaji. Njoo nikuone kwanza." Ndiyo maana ya doti ile. Wataikata pamoja, kila mmoja achukue upande wake, yaishe.

Sasa, njiani wakaingia kituo cha mafuta. Mnajua desturi. Binti wa pampu akasema, "Kaka, angalia sifuri." Kaka alikuwa anaangalia saa yake. Alipoinua macho, namba zilishakimbia.

"Hukunionyesha sifuri," akasema.

"Nimekuonyesha, kaka. Hukuangalia tu."

"Nyinyi ndio wachakachuaji wenyewe. Nawajua."

Akamtupia hela yake, akawasha gari, binti hajamaliza hata kurudisha mpira wa pampu mahali pake. Mama akageuka nyuma. Kwenye ukungu akaona sare nyekundu inakuja mbio.

"Mwanangu, yule binti anatukimbilia. Ana kitu mkononi."

"Anataka tubishane, mama. Achana naye."

Akapandisha kioo. Sare nyekundu ikawa ndogo, ikawa ndogo tena, ukungu ukaifunika. Na mama, kwa uzee na kwa kukosa usingizi siku mbili, akasinzia akiota yeye na mdogo wake wako mtoni, wadogo, wanafua.

Mbele kidogo, taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi. Haikupiga kelele. Iliwaka tu. Yule bwana akapiga usukani: "Si nilisema? Mafuta machafu yale."

Wakasimama kwa fundi, saa tatu. Fundi akasema, "Bosi, taa hii ina mengi. Tupime kwanza."

"Upime nini, na mimi nimeshajua? Mwaga mafuta yote. Osha tangi."

Mwenye gari akisema mwaga, fundi atafanyaje? Akaingia uvunguni, akafungua tangi kwa chini, akamwaga. Saa nne, saa tano, saa sita. Mama amekaa kwenye kigoda kivulini na doti yake. Saa saba fundi akaleta dumu la petroli mpya, akafungua kile kimlango cha ubavuni ili amimine. Akasimama hivyo hivyo na dumu lake.

"Bosi, kifuniko cha tangi kiko wapi?"

Akajibu mama, kwa sauti ya mtu anayeamka: "Anacho yule binti."

Wapendwa, mafuta yalikuwa mazima. Tangi lilikuwa wazi, mvuke unatoroka, na gari likamwonya mwenyewe kwa taa. Kikanunuliwa kifuniko duka la jirani, kikafungwa kwa dakika moja. Taa ikaendelea kuwaka, fundi akasema, "Usiihofu, ukitembea itazimika yenyewe." Na kweli, ilizimika getini hospitali. Saa tisa kasoro robo.

Kitanda kilikuwa kitupu. Nesi akamwambia mama, "Alikataa kusukumwa. Amekungoja, nasi tumemngoja, mpaka saa nane na nusu. Akasema dada yake hajawahi kuchelewa." Mama akakaa kwenye benchi la korido, doti mapajani, haijakatwa.

Mnataka kujua kama mdogo alitoka salama. Naona nyuso zenu. Sitawaambia. Mfano wangu unakomea kwenye benchi lile, kwa sababu humu ndani tumo wengi tuliokaa hapo.

Tuseme ukweli. Sisi taa ikiwaka ndani yetu, usingizi umekata, nyumbani hakuna amani, maombi hayapandi, tunauliza kwanza nani katuchafulia mafuta. Mke. Jirani. Mchungaji naye hasalimiki, najua. Tunamwaga tangi zima la undugu wa miaka, na mtu tunayemlaani ndiye aliyetoka mbio na kifuniko chetu mkononi, anahema, anaita. Tulisema anatafuta ugomvi. Je, tulimsikiliza hata neno moja? Na yule mzee wa kiti cha nyuma, aliyeona na kusema, tulimjibu nini?

Fumbueni macho sasa. Kuna mtu amekukimbilia wiki hii, ukampita. Unamjua, na jina lake limekuja kabla sijamaliza kusema. Saa nane haijafika bado, ndugu yangu. Shusha kioo.