Somo wa Mtoto wa Tatu

Sogeeni, niwape kesi mnisaidie kuikata. Wanawake watatu walimwokoa mtoto mmoja. Namsifu alijaliwa jicho: akikutazama mara moja anajua umeamkaje. Daktari Kokubelwa alijaliwa kuthubutu. Na Sekela, mtafiti wa seli, alijaliwa subira ya kuchungulia kwenye hadubini mpaka chai yake ipoe mezani. Lakini kesi yenyewe ni ya Nakiete, mama wa mtoto, na ilianzia makaburini.

Mwanawe wa kwanza, Yonazi, alifariki akiwa bado ananyonya. Alitapika, akakonda, na ngozi yake ikazidi kuwa nyeusi. Siku ya maziko Nakiete alimnyooshea kidole Namsifu, dada wa mumewe, mbele ya waombolezaji wote.

"Huyu ndiye aliyemla mwanangu," alisema.

Tangu siku hiyo, majirani waliacha kununua maziwa kwake.

Akazaliwa Mbonea. Siku moja mnadani, Namsifu alimwona mikononi mwa mama yake, akasimama mbali kidogo.

"Wifi, fizi zake zimekuwa nyeusi kama za marehemu. Mpeleke hospitali leo."

"Usimtazame mwanangu."

"Basi mfunike. Lakini mpeleke."

Nakiete aliondoka amekasirika. Njiani akafunua mdomo wa mtoto, akaona. Akageuza njia.

Alipofika hospitali, Mbonea alikuwa amelegea, mwili umepoa. Kokubelwa alishuku kwamba mwili wake hautengenezi homoni inayohitajika. Majibu ya vipimo yangechelewa, na wenzake walimshauri asubiri. "Nikikosea nitajibu mimi," alisema, akamchoma mtoto sindano ya homoni. Kabla jua halijazama, Mbonea alikuwa akinyonya.

Mtoto aliponenepa, wakubwa wa hospitali walitaka dawa isimamishwe. Hapo ndipo alipokuja Sekela. Yonazi alipofariki, baba yake, Eliamini, aliruhusu kipande cha tezi iliyo juu ya figo kibaki maabara, na Sekela hakuacha kukichunguza. Alimweleza Nakiete kwamba seli za tezi hiyo huweka akiba ya mafuta katika matone madogo, nayo ndiyo hutumika kutengeneza homoni. Juu ya kila tone hukaa protini, mfano wa walinzi wa ghala: huyatunza mafuta, na yakihitajika huyaachia. Kwa Yonazi, protini moja ilikuwa na kasoro. Ghala lilifurika huku mwili ukifa njaa. Sekela alipopima damu ya Mbonea, akakuta kasoro ileile.

"Dawa msimwachishe, maisha yake yote."

"Nani alimtia kasoro hiyo?"

"Hakuna aliyemtia, mama. Imetoka kwako na kwa baba yake, nyote wawili. Msingeweza kujua."

Nakiete alishika ukingo wa meza. Alichokuwa akisikia ni sauti yake mwenyewe, siku ile ya maziko.

Sasa amejifungua binti, mzima wa afya, na Eliamini amemwachia achague somo wa mtoto, yule ambaye mtoto atachukua jina lake, katika wale watatu. Bila Namsifu, Mbonea asingefika hospitali. Bila Kokubelwa, asingetoka. Bila Sekela, angeachishwa dawa, na tungemzika baadaye.

Nakiete alikwenda kwa Namsifu, akapiga magoti, akaomba radhi. Namsifu alimwinua, akamtilia chai. Ndipo Nakiete akasema anataka binti aitwe Namsifu.

"Kwa sababu nilimwona Mbonea, au kwa sababu ya yale maneno yako?"

Nakiete aliinamia kikombe chake.

"Kama ni kwa kumwona, wifi, tuliomwokoa tuko watatu, na wale wenzangu hukuwakosea kitu. Kama ni kwa yale maneno, usimbebeshe mtoto mzigo wako."

Nakiete akarudi nyumbani. Jumapili ni ubatizo. Mchungaji atamuuliza jina mbele ya kanisa zima, na wamo humo waliomwamini alipomsingizia wifi yake. Akilitaja jina la Namsifu, kila mtu ataelewa kwamba anaungama kosa lake. Akitaja jingine, wataelewa kwamba bado anamshuku.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: mtoto yuko mikononi, mchungaji anasubiri. Mngemwita nani?