Mikono ya Bi Chausiku

"Mficha mshono huunguzwa na amkandaye." Mmemsikia mama yenu mdogo akiisema asubuhi, mkacheka. Sasa mnataka asili yake. Haya, nitawapa, ila msinilaumu kicheko kikiwatoka. Methali hii si ya kale, na aliyeisema mara ya kwanza namfahamu. Ilianza hivi.

Hapa mtaani kwetu Tanga palikuwa na mkandaji aliyeitwa Bi Chausiku. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja tumboni mpaka arobaini yake itimie. Watu walisema mikono yake hurudisha tumbo la mzazi likawa kama la mwari. Sifa hiyo aliipenda. Nani asiyependa kusifiwa?

Binti yake wa pekee, Mwantumu, alizaa mapacha. Mama yake alimkanda kwa juhudi zake zote, lakini tumbo halikurudi. Lilibaki limeteremka, ngozi imelegea. Bi Chausiku akamwambia, "Ulikuwa unaufungua mkaja nikitoka, siyo?" Mwantumu hakuwahi kuufungua, lakini alinyamaza, maana angesema nini? Kwamba mikono ya mama yake imeshindwa? Kila harusi aliyokwenda hakukosa mtu wa kumuuliza mimba ina miezi mingapi, na mapacha wenyewe wameshaanza shule. Alikuwa akirudi nyumbani analia.

Mwisho akaenda Dar es Salaam kwa daktari wa upasuaji, Daktari Kileo. Yule bwana alimpima, akamweleza bila kupamba maneno.

"Misuli ya tumbo lako iliachana ulipobeba mapacha. Wengine mazoezi huwasaidia, lakini yako imeachana sana. Hakuna kitambaa wala mkono wa kuirudisha, na si kosa la mtu."

Akamwambia atakata kutoka nyonga hadi nyonga, ashone misuli na kuondoa ngozi iliyozidi. Kovu litabaki maisha yake yote. Damu huweza kuganda miguuni, na kidonda huweza kukataa kupona. Upasuaji huu si dawa ya unene, na kama bado anataka kuzaa, ni heri angoje. Mwantumu akajibu kwamba amemaliza kuzaa, na mumewe ameridhia.

"Nani atakuuguza?" daktari akauliza.

"Mama yangu."

"Basi mwambie kila kitu. Ngozi ya tumbo itakufa ganzi kwa miezi. Ukiwekewa moto hutausikia. Joto lolote ni mwiko."

"Nitamwambia."

"Kama huwezi kumwambia, subiri kwanza. Tumbo halikukimbii."

Wapo waliomlaumu Mwantumu kwa kutaka kukatwa. Mimi simo. Mwili ulikuwa wake, aliuliza, akajibiwa, akaamua. Ninachomlaumu ni kwamba alipokwisha kukatwa alirudi akamwambia mama yake ametolewa uvimbe wa kizazi. Alimwonea huruma. Aliona akisema kweli, mkandaji mzima atajua kuwa bintiye mwenyewe amekwenda kutafuta mikono mingine.

Sasa Bi Chausiku angekaaje na mtoto aliyepasuliwa asimkande? Mshono ulipofunga, akainjika maji.

"Mshono uko wapi?"

"Huku chini, mama. Mdogo tu." Mwantumu akajivutia kanga kuufunika.

Basi mama akakanda juu ya kitovu, mbali na mshono, kama alivyowakanda waliojifungua kwa kupasuliwa. Na mkandaji hupima moto kwa mkandwaji mwenyewe. Taulo likitua, mzazi hushtuka na kulalamika, naye hulipoza. Mwantumu hakushtuka.

"Moto unaingia?"

"Siusikii sana, mama."

"Baridi imekukamata tumbo zima, mwanangu. Ngoja niyachemshe tena."

Hapo Mwantumu alimkumbuka daktari. Neno lilimfika mdomoni. Lakini alimtazama mama yake, akaona alivyochangamka kwa kupata nafasi nyingine na tumbo lile, akalimeza. Taulo likatua, likatua tena.

Asubuhi ngozi ilikuwa imejaa malengelenge. Baadaye ikawa nyeusi, ikaoza. Alilazwa miezi mingi, akakatwa upya, akapona na tumbo ambalo sitawaelezea.

Huku mtaani habari ikawa moja: Bi Chausiku kamuunguza mwanawe. Wazazi wakaacha kumwita. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Kila siku alikaa kando ya kitanda cha hospitali, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Mikono yangu imezeeka, sikupima moto." Mwantumu, kwa aibu, akamjibu, "Nimekusamehe, mama."

Bi Chausiku hakuinjika tena maji ya kukanda. Alinyong'onyea, akawa haonekani hata mlangoni, na kabla mwaka haujaisha tukamzika.

Matangani, tukiwa ndani wanawake watupu, bibi mmoja akasema, "Mungu amsamehe kwa lile la kumuunguza mtoto." Mwantumu alikuwa kwenye jamvi. Akasimama, akafungua kanga yake, tukaliona kovu lenyewe, nyonga hadi nyonga.

"Hakuniunguza," akasema. "Nilikatwa hivi kwa hiari yangu, nikamficha. Daktari alinionya moto sitausikia. Nilijua, nikanyamaza."

Yule bibi akauliza taratibu, "Na mama yako ulimwambia?"

"Sikumwambia. Aliniomba msamaha kila siku, nami nikamsamehe."

Kisha akajifunga kanga, akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo, kama anayemwambia aliye kaburini: "Mficha mshono huunguzwa na amkandaye."