Sifuri Tisa za Majabalini

Hapo zamani za kale, na wewe uliyepanda mkeka wangu na miguu yenye tope usidhani sijakuona, wanyama walikuwa na nchi zao, na kila nchi ilikuwa na wimbo wake. Palikuwa na nchi ya Tembo, nchi ya Kiboko, nchi ya Kifaru na nchi ya Nyati. Ya tano ilikuwa Majabalini, nchi ya pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe, ukubwa wake kama paka aliyeshiba, hana hata mkia wa kufukuzia nzi.

Kila mwaka, masika yakiisha, nchi zote tano zilikutana uwanjani kando ya mto zikashindana kuimba. Nchi iliyoshinda ndiyo iliyotawala mto mpaka masika mengine. Ikisema wewe unywe asubuhi, unakunywa asubuhi. Ikisema pita kule kwenye miiba, unapita kwenye miiba. Kwa hiyo msidhani walikuwa wanacheza.

Kura zilipigwaje? Tegeni masikio hapa, maana hadithi yote imelala hapa. Mwanzoni walitumia vibuyu na kokoto. Mwaka wa tatu Kiboko akavikalia vile vibuyu, pwaa, vikapondeka vyote. Tembo akasimama, akasema, "Kuanzia leo, kinywa ndiyo kura. Nchi moja ikiimba, mkuu wa nchi nyingine akiitikia, amewapa kura moja. Akinyamaza, hakuwapa kitu."

Korongo ndiye aliyekuwa mhesabu kura, kwa kuwa ana shingo ndefu na hana nchi. Akauliza, "Aitikie kwa neno gani, Bwana Mkubwa?"

"Neno lolote," akasema Tembo. "Mimi sina kichwa cha kukariri nyimbo za watu."

Neno lolote. Liwekeni hilo kibindoni.

Basi wale wakubwa wanne wakapatana chini kwa chini. Mwakani tumwitikie Tembo, mwaka unaofuata Kiboko, halafu Kifaru, halafu Nyati, kisha turudi kwa Tembo. Na pimbi je? Ah, pimbi akiimba, kila mtu afunge mdomo wake.

Sasa mtahesabu wenyewe, tangu enzi za vibuyu, maana hata kokoto pimbi walinyimwa. Mwaka wa kwanza pimbi walimpeleka Mzee Makame na zeze lake. Sifuri. Mwaka wa pili wakapeleka ndugu saba na ngoma tatu, dundu-dundu-dundu mpaka vumbi likafunika uwanja. Sifuri. Mwaka wa nne walimwimbia Kifaru wimbo wa kumsifu mama yake, Kifaru akalia machozi ya kweli, akapenga kamasi, na bado mdomo hakuufungua. Mwaka wa tano hawakwenda, walikuwa wamekasirika, Korongo akawaandikia sifuri hivyo hivyo.

Mwaka wa sita akaenda Bi Mwanakombo, mkuu wa pimbi wote, mwenye sauti ambayo ndege walikuwa wakishuka mtini kuisikiliza. Aliimba jua likapanda mpaka utosini. Wakubwa wakamtazama tu. Alirudi Majabalini, akaweka kanga yake ya sherehe sandukuni, na toka siku ile hakuimba tena, hata akiwa jikoni.

Mwaka wa tisa, baada ya sifuri ya tisa, Tembo akapiga mbiu. "Nchi itakayopata sifuri ya kumi itafutwa mashindanoni, na njia yake ya mtoni itafungwa. Hatuwezi kugawana maji na watu wasiojua kuimba."

Mnaona ubaya ule? Mtu umzibe mdomo, kisha umshtaki kuwa ni bubu.

Bi Mwanakombo alikuwa na binti yake, Kidawa, mdogo kuliko pimbi wote, miguu haitulii. Siku zilikuwa zimebaki tatu kabla ya mashindano ya kumi. Mama amekaa mlangoni anachambua mchicha, binti anazunguka jiwe.

"Mama, mwaka huu naimba mimi."

"Uimbe nini, mwanangu? Tumeimba kila kitu. Hawakosi masikio wale, wanakosa huruma."

Kabla Kidawa hajajibu, Nyati akawa anapita barabarani, kishindo, kishindo. Bi Mwanakombo akainua kichwa. "Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba," akanguruma Nyati, na kifua kikamtuna, akaenda zake.

Kidawa akasimama ghafla, mguu mmoja juu. "Mama. Umewahi kumsalimu huyu akakunyamazia?"

"Aninyamazie? Usipomsalimu anarudi nyuma hatua kumi apite tena. Wote wanne ndivyo walivyo. Shikamoo kwao ni asali."

Kidawa akacheka mpaka akakaa chini. Mama akamuuliza anacheka nini, hakusema. Akasema hivi tu, "Nakuomba kitu kimoja. Kila mwaka wewe unawaitikia wakubwa wote wakiimba."

"Ni adabu, mwanangu. Mgeni akiimba, unaitikia."

"Mwaka huu usimwitikie hata mmoja. Tafadhali, mama. Ung'ate ulimi wako."

Bi Mwanakombo akashika tama. Kumnyima mtu kiitikio lilikuwa jambo zito kwake. Lakini akautazama uso wa binti yake, akakubali.

Siku ikafika. Uwanja umejaa, watoto mabegani, vigelegele huku na huku. Zamu ya kushinda ilikuwa ya Kifaru. Akaimba, kama ile ni kuimba, mlango wenye kutu una nafuu. Tembo akaitikia, Kiboko akaitikia, Nyati akaitikia. Korongo akatumbukiza kokoto tatu kikapuni, ko, ko, ko, akamgeukia Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo amefumba macho, ameuma ulimi, jasho linamtoka.

"Kura tatu," akasema Korongo.

"Zinatosha," Kifaru akacheka. "Hao wengine wana ngapi?"

Maana wenzake, kwa kuwa haikuwa zamu yao, walikuwa wamepeana moja moja tu, ya kufichia njama. Kisha Korongo akaita, "Majabalini!"

Kidawa akaruka juu ya kichuguu ili aonekane. Wakubwa wakajiandaa. Nyati akajaza majani mdomoni. Kiboko akazama mtoni, yakabaki masikio. Kifaru akabana midomo. Tembo akachukua mkonga wake akauingiza kinywani kama mtu anayeziba chupa.

Kidawa akaanza:

"Tumetoka Majabalini, kwa miguu, kwa miguu,
tumekuja kuwaona wakubwa walio juu.
Bwana Nyati mwenye pembe, shikamoo, shikamoo."

Kimya. Nyati akatafuna haraka haraka. Hakutaka kuitikia, lakini salamu ilikuwa imeshaingia sikioni inamtekenya. Mkewe akamgusa ubavuni. "Baba Ngoli, unasalimiwa."

Nyati akatikisa kichwa.

"Unasalimiwa mbele za watu unanyamaza? Watasema sijui nimeolewa wapi."

Nyati akameza majani yote kwa pamoja, gudu. "Marahaba," akasema.

Ko! Kokoto ya kwanza katika miaka kumi. Pimbi wote wakasimama. Bi Mwanakombo akajishika kifua.

Kidawa hakungoja. Akashusha sauti, akashusha, mpaka ikawa kama mtu anayesema na mto:

"Bwana Kiboko wa majini, twamwambia, twamwambia..."

Kule majini Kiboko akasikia jina lake, halafu hakusikia kinachofuata. Nani angevumilia? Akatoa jicho moja, akatoa pua, akatoa kichwa kizima. "Mnaniambiaje?"

"Shikamoo," akaimba Kidawa.

"Marahaba, marahaba," akasema Kiboko, mapovu yanamtoka, kisha akaona Korongo anainama. Ko! Akazama tena, lakini alikuwa amechelewa.

Kidawa sasa anacheza juu ya kichuguu, miguu minne yote haigusi chini, na watoto wa nyati wanapiga makofi. Akapita mbele ya Kifaru, wala hakumtazama. Akaimba, "Wa tatu sasa ni Tembo..."

Kifaru akasikia vibaya moyoni. Alikuwa mshindi wa mwaka, mgeni rasmi wa furaha yake mwenyewe, na amerukwa kama gogo. "Ngoja kwanza," akasema. "Na mimi je? Mimi si mkubwa?"

"Nisamehe, Bwana Kifaru. Shikamoo."

"Marahaba!" akasema Kifaru, ameridhika kabisa, kisha akageuka kwa mkewe. "Kwa nini unanitazama hivyo?"

Ko! Tatu kwa tatu. Uwanja ukalipuka. Hapo hata mimi ninayesimulia huwa nasimama, lakini leo goti linauma.

Amebaki Tembo peke yake. Na Tembo si mjinga, ameshauona mtego wote. Akausukuma mkonga ndani zaidi mpaka machozi yakamlenga. Kidawa akamwimbia shikamoo ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, Tembo akatikisa masikio kwa raha ya kushinda.

Korongo akainua bawa kutangaza sare, na sare mlitaka iwe ya nani? Kwa sheria ya uwanja, zikilingana anapewa mwenye uzito mkubwa. Bi Mwanakombo akafunika uso kwa kanga.

Kidawa akaacha kucheza. Akamtazama Tembo kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, akainamisha shingo upande kama bibi anayemwona mjukuu. Akaimba kwa sauti tamu:

"Nimekosea, jamani, huyu si Tembo niliyemjua. Huyu ni mtoto, ameweka kidole mdomoni. Hujambo, mtoto?"

Watu wakashika midomo.

"Hujambo, mtoto mzuri? Mama yuko wapi?"

Mkonga ukatoka, pwop. "Hujambo?" Tembo akanguruma, ardhi ikatetemeka. "Mimi, na miaka yangu, na pembe zangu, nasalimiwa hujambo na kitu ambacho naweza kukikanyaga nisijue? Nisalimu kama unavyomsalimu baba yako!"

"Shikamoo, Bwana Tembo," akasema Kidawa, ameinama mpaka pua inagusa udongo.

"MARAHABA!"

Ko.

Kokoto ya nne ilianguka na kila mtu akaisikia. Halafu pimbi wakapiga ukelele ambao mpaka leo hawajauacha, mkipita kwenye majabali mtausikia.

"Ile ilikuwa salamu!" Tembo akapiga kelele. "Sikuitikia wimbo, niliitikia salamu!"

Korongo akanyoosha shingo yake yote. "Bwana Mkubwa, mwaka wa tatu nilikuuliza aitikie kwa neno gani. Ukasema neno lolote."

Nyati akaanza kucheka kwanza, akafuata mke wa Kifaru.

Korongo akamuuliza Kidawa, kama desturi ilivyo, "Mto ni wako mpaka masika. Unaamuru nini?"

Kidawa alikuwa akihema bado. Akawatazama wale wanne, na mtu angeweza kuwapitisha kwenye miiba, si mngewapitisha nyinyi? Akasema, "Njia zote wazi. Kila mtu anywe akiwa na kiu. Ila mshindi ana haki ya kurudia wimbo wake, na mimi nataka aniitikie mtu mmoja."

Akageuka, akamwambia, "Shikamoo, mama."

Bi Mwanakombo akafungua kinywa aseme marahaba, na neno likamtoka likiwa limeshaota wimbo, refu, la juu, lile la mwaka wa sita, na ndege wakashuka mitini. Kiboko akatoka majini akaitikia. Nyati akaitikia. Mwishowe Tembo naye akaitikia, polepole, wala hakuna aliyehesabu.

Ukimnyima mdogo sikio lako, atakukamata kwa masikio yako. Hadithi nimeitua hapa, na wewe wa miguu ya tope, kaoshe mkeka wangu.