Jumba la Jini Lisilokuwa na Baraza

Siku ya Jumatano, mwezi sita Shaabani, saa tatu na robo asubuhi, katika mji wa Zingiani, uliotawaliwa na Sultani Nasri bin Haidari, jini Harkushi, aliyefungwa kuitumikia pete ya Sultani, aliinua jumba la marumaru kwa kupepesa jicho, na lilikuwa na kuba saba, na madirisha ya kioo, na mlango wa dhahabu uliotazamana na barabara.

Sultani akafurahi mno, akatangaza, "Kesho mtaa wote wa Waashi utavunjwa, na kila mtu atapata jumba kama hili."

Salha binti Shamte, ambaye nyumba yao ilijengwa na marehemu baba yake mwashi katika mtaa ule, akajipenyeza mpaka mbele ya Sultani.

"Bwana wangu, hili ni kasha la halua, si nyumba! Baraza iko wapi? Mgeni aketi juani? Na daka la kuukinga mlango liko wapi? Ukifunguliwa, mpita njia anaona mpaka kitandani!"

Waziri akaangua kicheko. "Msikieni binti chokaa! Kuba saba hazimtoshi."

Salha akamgeukia jini. "Nawe, ulijenga hivi kwa sababu gani?"

"Bibi, niliamriwa umbo. Sababu sikuambiwa, wala sikuuliza."

"Basi hukujenga. Umerundika mawe!"

Sultani akaghadhibika, akasema, "Mama yangu atahamia humu leo. Akiridhika, nyumba yenu itavunjwa ya kwanza."

Mama yake, Bi Mwanamize, akahamia, akavua ushungi, akakaa kuchana nywele. Adhuhuri muuza samaki akabisha hodi, na mjakazi akafungua, na barabara nzima ikamwona mama wa Sultani kichwa wazi.

"Nasri!" akapiga kelele. "Umenianika kama samaki wa ng'onda!"

Sultani akaona haya, akaifuta amri yake, akamwomba Salha radhi na kumvika ile pete ya jini, pamoja na kumpa cheo cha fundi mkuu. Waziri naye akaja mbio kumposea mwanawe.

"Posa ingoje," Salha akasema. "Nina kazi."

Asubuhi yake alimpeleka jini kwa mjane ambaye paa lake lilikuwa limeporomoka, akamkataza kugusa hata jiwe moja, akamketisha mkekani, kisha akamwuliza mjane, "Mama, wageni wako hupenda kuketi wapi?"