Fisi na Sori Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na milango yao, Fisi alikwenda mjini akarudi na neno moja la Kizungu. Moja tu! Lakini alivyojitapa nalo, ungedhani amerudi na shehena.

Neno lenyewe lilikuwa "sori".

Akimkanyaga Kobe, "Sori!" Akimnyang'anya Kanga mayai, "Sori!" Wanyama walikikodolea macho kile Kizungu, hata wakasahau kulalamika. Siku moja aliingia kwa Mama Pimbi bila hodi, akabugia kunde zote za sufuriani, bugu! bugu!, akajifuta mdomo. "Sori, mama!" Watoto wa Pimbi wakalala na njaa.

Kesho yake kunde za mwisho zilikuwa motoni, na Mama Pimbi hakutulia. Anakoroga, anachungulia nje. Anakoroga tena, anachungulia tena. Roho juu juu!

"Mama, zimeiva?"

"Nyamazeni! Bado kidogo."

Mara vishindo, puu! puu! Fisi huyo! Mama Pimbi akamuwahi mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Fisi! Eti ni kweli wanayosema?"

"Marahaba. Wanasema nini?"

"Kwamba Kizungu chako cha kishamba. Mimi nilibisha! Lakini wanasema watu wa mjini huitanguliza sori, kama sisi tunavyotanguliza hodi. Husimama nje, wakaisema, wakangoja waitikiwe. Mshamba ndiye huisema akishakula."

Fisi akavimba. Aitwe mshamba, yeye aliyelala mjini!

"Nani hajui hayo?" akafoka. "Nilikuwa nawarahisishia nyinyi!"

"Basi tusikie."

Fisi akakohoa, akanyoosha shingo. "Sori, Mama Pimbi, naomba niingie nile kunde."

"Lo! Hapo umesema! Sasa ngoja uitikiwe."

Mama Pimbi akachomoka mbio hadi jikoni. "Kuleni!" akanong'ona. "Upesi!" Kunde zilikuwa za moto. Watoto wakapuliza, fuu! fuu!, wakameza huku machozi yanawatoka.

"Sori!" Fisi akaita. "Mbona kimya?"

"Umekimbiza mno, bwana. Sema taratibu."

"Sooori, Mama Pimbi, naomba..." Udenda ukamtiririka. "Aa! Nimechoka, naingia!"

Mguu mmoja ukavuka kizingiti. Mama Pimbi akarudi mbio mlangoni.

"Ingia tu," akasema, "Kobe na Kanga hao wanakutazama. Watakwenda kutangaza kuwa Fisi hakungoja kuitikiwa."

Fisi akageuka. Kweli, makelele yake yalikuwa yamewavuta, wamesimama uani, shingo nje. Akaurudisha mguu.

Ndani, kwaru! kwaru! Vijiko vikafika chini ya sufuria.

Hapo Mama Pimbi akatoka, akaifudikiza sufuria mbele ya Fisi. Haikudondoka hata kunde moja.

"Sori, Bwana Fisi," akasema, "kunde zimekwisha."

Kanga akacheka hadi akakaa chini. Fisi akaondoka na njaa yake, na Kizungu chake mdomoni.

Basi wanangu, anayekula cha mwenzake kwanza, kisha akaomba radhi, hakuomba radhi, amekula tu.