Uzi wa Vali ya Mwisho

Sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, hadithi ya leo haitaki mtu wa nusunusu. Nawaonya mapema: hamna sungura mjanja humu, wala harusi mwishoni. Nitasimulia mpaka pale ninapopajua, kisha kazi itakuwa yenu.

Huko milima ya Upare palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Wa kwanza ni Nakijwa, fundi wa kushona, ambaye watu walimwita Mama Nietiwe kwa jina la binti yake. Cherehani alikuwa nayo, lakini ile ilikuwa ya sare za shule tu. Kazi yake yenyewe aliifanya kwa sindano ya mkono. Ukimpelekea nguo iliyochanika, atakurudishia, utaigeuza huku na huku, mwishowe utasema, "Mama Nietiwe, hii si yangu."

Wa pili ni Mzee Mshana, mhunzi mwana wa mhunzi. Yeye alijua kuchanganya madini mawili na kuyavuta yakawa waya mwembamba, na waya huo ulikuwa na kumbukumbu. Ukiutia kwenye maji ya baridi, unakunjika utakavyo. Ukipata joto la mwili wa mtu, unarudi umbo lake la kwanza, hata kama uliukunja kwa hasira.

Wa tatu ni Daktari Mbazi. Huyu alikuwa na mikono isiyojua kutetemeka. Alipenyeza mrija mwembamba unaoitwa katheta kwenye mshipa wa paja, akausukuma polepole huku akitazama kwenye kioo cha picha za ndani ya mwili, mpaka ukafika ndani ya moyo. Hapasui kifua, havunji ubavu. Mgonjwa akiamka, kidonda chake ni kama punje ya kunde.

Sasa, moyo una milango yake. Mlango mmoja ukiharibika, damu inakwenda na kurudi, miguu inavimba, mtu analala ameketi. Hawa watatu wakakaa wakatengeneza mlango mpya. Mshana alisuka kizimba kidogo cha waya. Nakijwa akashonea ndani yake vipande vya utando unaofunika moyo wa ng'ombe, vifunguke na kufungika damu ikipita. Mbazi ndiye angeukunja, aupitishe kwenye katheta mpaka moyoni, nao ukipata joto la damu uchanue wenyewe. Wataalamu wanauita vali. Ondoa mmoja kati ya watatu hao, hakuna vali. Likumbukeni hilo, maana huko mbele mtataka kulisahau.

Na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Nakijwa alikuwa na Nietiwe, mtoto wake wa pekee, miaka kumi na tisa, ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Mzee Mshana alikuwa na moyo wake mwenyewe, ambao haukumruhusu tena kusimama mbele ya tanuri. Mbazi alikuwa na daftari la wodi, na juu kabisa kwenye daftari hilo liliandikwa jina la Mwalimu Mgonja, baba wa watoto wanne, aliyengoja miaka miwili.

Waya wa Mshana ulitosha vali tatu. Wagonjwa watatu, vali tatu, nani agombane? Hawakuandika ipi ni ya nani. Ugali ungali jikoni, nani anaugawa?

Lakini mazoea yana taabu, ndugu zangu.

Vali ya kwanza Nakijwa aliishona siku kumi na moja, glovu mikononi, barakoa usoni, jicho kwenye kioo cha kukuzia. Alipofunga fundo la mwisho, furaha ikampanda. Akashusha barakoa, akainama, akakata uzi kwa meno. Kata! Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, kwamba fundi anayetafuta mkasi bado hajawa fundi. Siku ya tatu maji ya kupimia usafi wake yakawa na ukungu, kwa vijidudu vya mate yake. Mbazi akaitia vali ile motoni.

Ya pili ilikatwa kwa mkasi, ikakamilika, safi. Mzee Mshana akaomba aione. Kwao jembe halitoki kiwandani mpaka mhunzi alilimie mwenyewe mstari mmoja. Asiyejaribu kazi yake ni tapeli. Basi akaitia vali kwenye maji ya baridi, akaikunja. Akaitia kwenye maji ya vuguvugu, ikachanua. Uso ukamng'aa, akarudia. Manesi walikuja kutazama, naye akarudia tena, na tena, mpaka jicho moja la waya likakatika na kupasua utando.

Ikabaki moja.

Jumamosi mchana Nakijwa alikuwa katika chumba alichopewa hospitalini, akiishona hiyo moja. Chumba kilikuwa na dirisha la kioo, na nje ya kioo Nietiwe aliletwa kila siku kwenye kiti cha magurudumu. Walikuwa na mchezo wao. Nietiwe huinua vidole kuuliza imebaki mishono mingapi, mama yake humjibu kwa vidole vilevile. Siku hiyo Nakijwa aliinua kidole kimoja. Binti akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akashika kifua. Mama yake akaona yote kupitia kioo, na hakuweza hata kumpiga mgongoni.

Ndipo Mbazi na Mshana wakaingia, nao wamevaa barakoa.

"Mama Nietiwe," akasema Daktari, "lazima tuseme leo. Vali hii iende kwa aliye wa kwanza kwenye daftari. Nikianza kuruka majina, kesho kila mtu ataniletea shangazi yake."

"Mgonja kaleta nini hapa?" akauliza Mzee Mshana, akihema. "Kaleta moyo mbovu tu. Nikifa mimi, vali zimekufa. Nikipona, kwa miezi minane nitakuwa na waya mwingine. Watu watapona, Daktari, hata ambao hawajaugua!"

"Mwanangu hana miezi minane," akasema Nakijwa.

"Hakuna kati ya wagonjwa wote watatu mwenye miezi minane," akasema Mbazi.

Nakijwa akamgeukia mhunzi. "Kwa nini ni wewe peke yako unayejua kuchanganya? Nilikuomba unifundishe, Mzee Mshana. Nilikuja na kuku na heshima zangu zote. Ukasema moto wa ukoo hauonyeshwi mwanamke, tena wa ukoo mwingine. Leo uchoyo wako ndio hoja yako?"

"Ni mila, mama. Sikuitunga mimi."

"Mila!"

"Na meno yako je?" akasema Mshana. "Bila hayo tusingekuwa hapa tunabishana."

Aa, lilimchoma hilo. Akamgeukia Daktari, maana mtu akiumizwa na huyu hutafuta wa kumuumiza.

"Na wewe usijifanye msafi. Mtoto huyu nilikuletea ana miaka tisa, koo limevimba, homa inamchoma. Ukaniambia, mama, ni mafua, ukampa dawa ya kikohozi. Ugonjwa ule wa koo ndio ulioshuka ukamla moyo. Umeniambia mwenyewe!"

"Ni kweli," akasema Mbazi. "Hakuna siku nisiyolikumbuka. Lakini nikimpa yeye kwa sababu hiyo, nitakuwa najiosha kwa uhai wa mtu mwingine."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Mgonja mwenyewe, ametembea kutoka wodini akishika ukuta, na alikuwa amevaa shati lake la kazini. Hakuvuka kizingiti.

"Msisumbuke kunong'ona, mnasikika mpaka koridoni," akasema. Alingoja pumzi imrudie. "Mzee Mshana ana haki, sijafua chuma. Sijashona. Mimi nilingoja zamu yangu na nikanyamaza. Kama kunyamaza si kitu, niambieni, nikawafundishe wanangu kupiga kelele mapema."

Wewe ungemjibu nini?

Nakijwa akarudi kwenye kiti chake. Akachoma sindano mara moja, akavuta, akafunga fundo. Vali ikakamilika mkononi mwake, ndogo, imeshinda kazi zote alizowahi kushona. Uzi ulibaki unaning'inia. Mkasi uliochemshwa ulikuwa kwenye trei, karibu na kiwiko chake. Hakuuchukua. Akashusha barakoa mpaka kidevuni, akausogeza uzi mdomoni.

"Semeni inaenda kwa nani," akasema. "Mkitaja jina lisilo la mwanangu, nitakata kama bibi yangu alivyonifundisha."

Mzee Mshana akainua mkono, akaurudisha. Alijua kwamba akimrukia mama yule, vali itakuwa ya kwanza kuharibika.

"Mama Nietiwe," Mbazi akasema taratibu, "utaua watu."

"Wawili wanakufa vyovyote vile, Daktari. Mimi naongeza mmoja tu."

Basi. Ninapopajua ni hapo.

Msiniambie wagawane, mlango wa moyo haugawanyiki. Msiniambie Mungu atajua, Mungu hakuulizwa, mmeulizwa ninyi. Yupo aliyeshona, na meno yake yaliunguza ya kwanza. Yupo aliyefua, na majivuno yake yalivunja ya pili, ila akipona yeye huenda wakapona mia. Yupo mwenye mikono ya kuifikisha moyoni, ambaye hajiombei kitu ila daftari liheshimiwe, na daftari hilo limebeba mtu ambaye kosa lake ni kungoja. Na mkiogopa meno ya Nakijwa mkampa, semeni pia kesho mtampa nini atakayekuja na panga.

Nje ya kioo Nietiwe hasikii kitu. Ameona mkono wa mama umesimama, ameinua kidole kimoja, anauliza: bado mmoja?

Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi. Mama yake anamtazama, na hajamjibu.