Mama Atupele Alipokwenda Kuomba Unga Italia

Wapendwa katika Bwana, kisa hiki nimeletewa, nami nawapitishia kama nilivyokipata. Kisomeni mpaka mwisho, si kirefu.

Mama Atupele wa Tukuyu alikwenda Italia kumsaidia binti yake, Atupele, aliyejifungua. Binti ameolewa huko mashambani, kwenye vilima vya mizabibu, na anakaa nyumba moja na mama mkwe wake, mjane aitwaye Ersilia. Mama alikaa miezi mingi, akazoea kila kitu isipokuwa usingizi wa mchana. Wenzetu wa kule wakishakula hufunga madirisha na kulala, hata watu wazima wenye afya zao.

Jumapili moja wote walikuwa wamelala. Mama akakaa barazani peke yake, akitazama. Ng'ambo ya ua kulikuwa na nyumba nyingine, mlango wake umeelekeana kabisa na wa kwao. Lakini kinjia cha katikati kilikuwa kimeota nyasi hadi magotini.

"Watu wanaotazamana hivi hawatembeleani?" akajiuliza. Alishawahi kumwuliza binti yake, akajibiwa, "Ni jirani tu, mama."

Akaona heri asonge ugali, wakiamka wakute chakula. Kutazama unga wa mahindi, umebaki kiganja. Basi akafanya kama angefanya Tukuyu: akakanyaga nyasi, akapiga hodi kwa jirani.

Akafungua bibi mmoja, jina lake Nunzia. Lugha hawakuelewana. Mama akaonyesha nyumba aliyotoka, akaigiza kusonga ugali. Yule bibi akamtazama, akaitazama nyumba ile muda mrefu, kisha akaingia ndani na kurudi na bakuli la unga, limejaa mpaka linamwagika.

Kwao Tukuyu, kurudisha bakuli la mtu likiwa tupu ni aibu. Mama alipomaliza kupika akalijaza ugali na majani ya maboga ya bustanini, akalirudisha. Nunzia naye akamjazia tini zilizoiva.

Ersilia alipoamka akaziona tini mezani. Akalishika bakuli, akalitambua. Akauliza jambo, na Atupele akatafsiri.

"Mama, umekwenda kule? Yule ni mdogo wake wa damu! Walitupiana maneno siku ya msiba wa mama yao, hawajasalimiana tangu sijaolewa. Anauliza kama ni Nunzia aliyemletea hizi."

"Mwambie hapana."

"Mama, tuseme ndiyo. Watapatana leo hii. Ukisema hapana atajua umemwaibisha, na mimi ndiye ninayebaki naye humu ndani!"

Mimi ningesema ndiyo, Mungu anisamehe.

"Asubuhi tumetoka kanisani, mchana nidanganye?" Mama akasema. "Mwambie niliishiwa unga, nikaenda mwenyewe, hakunituma mtu. Tini nimepewa mimi. Kama nimekosa, anisamehe. Asikuonee wewe."

Atupele akatafsiri. Ersilia akavua aproni, akatoka, akakata katikati ya zile nyasi kwa kasi.

"Haya, anakwenda kugombana," Atupele akanong'ona dirishani. "Omba, mama."

"Naomba tangu zamani, wewe nyamaza unitafsirie."

Ersilia akagonga. Mlango ukafunguka, na sauti ya Nunzia ikasikika ua mzima.

"Kile chakula kigumu nilijua si chako. Wewe tangu utoto kila unachopika ni maji."

"Na mimi nimeambiwa tini hukuniletea wewe."

"Sasa umefuata nini?"

Dirishani, Mama Atupele akafumba macho.

"Sijui," Ersilia akasema. "Sogea nipite, miguu inaniuma."

Nunzia akasogea.

Jioni ile, ugali uliliwa bila Ersilia.

Funzo: Ndugu waliokosana mara nyingi hawakupungukiwa na upendo, bali kila mmoja anangoja mwenzake atoke kwanza. Toka wewe, tena useme kweli hata kama uongo unaonekana mtamu. Yanayobaki mwachie Mungu.